Beseni la maji halinyonyi sumu ya sigiri

"Musawo (daktari), nikiweka beseni la maji karibu na sigiri, si tutalala salama?" Kila mvua ikishuka kutoka mlima Wanale na baridi ikaingia Mbale mjini, naulizwa hilo hilo. Hapana. Hata beseni liwe kubwa, hata makaa yawe yameiva na hayatoi moshi.

Tupige hesabu. Gesi inayoua, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na makaa mekundu huitoa tele. Kuyeyuka kwenye maji ni kwa shida mno. Chukua muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, wa mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, mlango na dirisha vimefungwa. Gesi ikifika sehemu 1 katika 1,000 za hewa, kiwango kinachoweza kuua kwa saa chache, humo ndani mna zaidi ya lita 22 za sumu. Beseni la lita 10 litachukua kama robo ya mililita. Ule utando wa asubuhi juu ya maji, mnaouonyesha majirani mkisema sumu imenaswa, ni majivu na vumbi.

Wengine hujitetea kwamba sumu hukaa chini nao wanalala kitandani. Gesi hii ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huenea chumba kizima. Wengine hunywa maziwa wakidhani yataondoa sumu. Maziwa huishia tumboni, ilhali sumu imo kwenye damu, imeshika nafasi ya oksijeni kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Linaloniudhi kuliko yote ni kusifia "usingizi mtamu" wa sigiri. Kichwa kizito, miguu imelegea, mtoto aliyekuwa analia kanyamaza ghafla: hapo mwili umeanza kukosa oksijeni, na mtu anashukuru kwamba nyumba imepata joto!

Baridi yenyewe inatoka juu. Mabati matupu bila dari hupoteza joto usiku kucha, na mchana hayo hayo huwachoma wapangaji. Enyi wenye nyumba, wekeni dari. Mpangaji, pikia nje, sigiri ilale nje, na majivu ya moto yasiingie ndani. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, uitie chini ya blanketi. Tandika blanketi jingine chini yako. Ziba upenyo wa chini ya mlango, lakini matundu ya hewa ya juu usiyaguse.

Mkiamka wote na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, tokeni nje mara moja, muende hospitali. Taja sigiri kabla ya lolote, kwa sababu kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida wakati damu imejaa sumu. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni ya hospitali, saa 1 hadi 1 na nusu.