Mkono Ulioungua Huulizwaje?

Kidonda cha moto kikishafunga, jamaa wa nyumbani hushusha pumzi. Lakini ngozi mpya huendelea kuvuta kwa miezi mingi, mara nyingi hata mwaka na zaidi. Kovu likiwa kwapani, mkono haupandi. Likiwa kwenye kiwiko, haunyooki. Daktari aweza kupima kiwiko kinakunja kiasi gani, ila kipimo hicho hakimwambii kama mama huyu anaweza kujipikia.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Kanada na Marekani walitunga orodha ya maswali iitwayo DASH, iliyotolewa mwaka 1996. Ina maswali 30 juu ya juma lililopita: Je, uliweza kuandika? Kuzungusha ufunguo? Kutandika kitanda? Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, kisha hesabu hutoka kati ya 0 na 100. Sifuri ni mkono usio na shida.

Huko Brazil, watu husema Kireno. Tafsiri yao ilitolewa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Je, yafaa pia kwa walioungua?

Kutafsiri maneno peke yake hakutoshi. Kwa kawaida watu wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, tafsiri zao huunganishwa, kisha wengine wasioijua orodha ya asili huirudisha katika Kiingereza ili makosa yaonekane. Halafu wagonjwa wenyewe huulizwa wameelewa nini. Swali moja la DASH hutaja gofu na tenisi. Mkulima ambaye hajashika fimbo ya gofu maisha yake yote ajibu nini? Akiruka zaidi ya maswali matatu, hesabu nzima haitolewi.

Aliyeungua ana shida zake. DASH huuliza juu ya maumivu, ganzi, udhaifu na kukakamaa. Haiulizi juu ya kovu linalowasha usiku kucha, wala juu ya binti anayeweza kabisa kuinua mkono lakini hataki kuvaa gauni la mikono mifupi. Kwa maoni yetu, hapo orodha hii inahitaji kusaidiwa na maswali mengine yaliyotungwa kwa ajili ya walioungua.

Liko jambo jingine, nalo hutusumbua zaidi. Maelezo ya DASH yasema haidhuru umetumia mkono upi. Basi aliyeungua mkono wa kulia, akazoea kuosha nywele kwa wa kushoto, atajibu kwa haki kwamba hana shida. Alama zake zitapendeza, na huku kiwiko cha kulia kinazidi kujikunja. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo hana budi kuutazama mkono wenyewe pia.

Nanyi mlio na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, msimwulize tu, "Unaendeleaje?" Mwulizeni leo ameoga kwa mkono upi, na siku ya kliniki mkamweleze daktari jibu hilo.