Boma la Mitangani na Kaya Iliyolipuliwa

Ukitoka Malindi mjini ukashika barabara ya Ganda, Kakoneni na Jilore kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki, mto Sabaki unabaki upande wako wa kulia. Mwaka 1914 mto huo uligeuzwa mpaka kwa mtutu wa bunduki. Anayetafuta ngome ya mawe huku ataambulia patupu, maana Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, kwenye Fort Jesus, tangu mwaka 1593. Waingereza walipoingia bara ya Malindi walitegemea boma: kituo cha ofisa mmoja na askari wake, katikati ya watu ambao hawakuwaalika.

Boma la Mitangani lilikuwa la Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa kwa Wagiriama mwaka 1912. Alitumwa kukusanya kodi ya nyumba na, zaidi ya hapo, kupata vibarua. Wagiriama walikuwa wakulima hodari, wameshavuka Sabaki kutafuta ardhi yenye rutuba, na mahindi yao yaliuzwa hadi pwani. Pembe za ndovu nazo zilikuwa biashara yao ya zamani. Mtu mwenye nafaka ghalani haendi kupalilia shamba la mwingine kwa ujira mdogo. Wenye mashamba makubwa ya Magarini na Malindi walilijua hilo, na serikali pia. Ndiyo maana C. W. Hobley, mkuu wa jimbo la pwani, alitaka watu wa ng'ambo ya mto warudishwe kusini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, ingawa vitabu vya shule hupenda kuanzia kwenye mapigano.

Sasa, boma la namna hii huishi kwa hisani ya jirani zake. Ofisa hana macho wala mikono pasipo wazee wanaomletea kodi, vijana wa kumbebea mizigo na kina mama wa kumuuzia chakula. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliushika udhaifu huo barabara. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, umati ukimfuata, kisha akawakusanya watu Kaya Fungo pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Huko viapo viwili vikatolewa, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume: asiwepo wa kumtumikia mzungu. Masimulizi ya Wagiriama yanasema alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Maana yake ni kwamba, ukija kuwachukua vijana wetu, ndivyo tutakavyokufanya. Baada ya viapo, wazee waliowekwa na serikali walikaa kimya na Mitangani ikabaki boma la jina.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi kwa miguu. Walikamatwa tena Agosti mwaka huo.

Kabla ya hapo, serikali ilikuwa imeamua kwamba adui ni kaya yenyewe. Kaya ni msitu mzito wenye njia nyembamba na malango, na katikati uwanja wa wazee. Zamani Wagiriama walijihifadhi humo dhidi ya maadui. Kufikia 1914 wengi walikuwa wakiishi mbali nayo, lakini viapo vilitoka humo. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, baruti ilitumika kuilipua Kaya Fungo. Lilikuwa kosa kubwa la kijeshi: waliokuwa wamegoma kimyakimya sasa walishika pinde na mishale ya sumu.

Askari wa KEYA (King's African Rifles) waliletwa. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba kama 5,000 zikachomwa na mbuzi wapatao 6,000 wakatwaliwa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000 na kuondoka ng'ambo ya Sabaki. Ghala zilipoungua, serikali ilipata kile ambacho kodi ilishindwa kuleta: watu wenye njaa. Lakini hata kwa hesabu za serikali yenyewe ilikuwa biashara mbovu, kwani nafaka iliyolisha pwani ndiyo iliyoteketea.

Baadaye watu wakarudi ng'ambo ya mto. Mekatilili naye alirudi kwao, na kaburi lake liko Bungale, Magarini. Kaya Fungo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008. Msomaji unayekuja Malindi kutazama nguzo ya Vasco da Gama, tenga siku moja zaidi ufike huko, ila uombe ruhusa ya wazee kwanza.