Kijibwa cha Mwenzangu Katika Ghorofa ya 4

Wasomaji waliozowea kuniona hapa na habari za tenzi na ngoma za arusi watanisamehe wiki hii. Nataka kuandika habari za mbwa. Tena si mbwa wa kuwinda wala wa kulinda mali, bali kijibwa cha miezi miwili, rangi ya mchanga, masikio yameanguka, kilicholetwa nyumbani kwetu Mombasa usiku mmoja wa mwaka wa 2018 ndani ya katoni ya sabuni.

Lakini kwanza ndugu msomaji ataka kujua nyumba hiyo ni ya nani. Mimi ni mtu wa Lamu, ahli zangu wako huko, na kazi yangu iko Mombasa. Kwa miaka mingi nilipanga chumba Majengo, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, na uani nyuma penye choo na majiko. Tulikuwa wapangaji sita, na kila mmoja ana kwao na dini yake na harufu ya mchuzi wake. Hapakuwa na karatasi ya masharti ukutani, na hata hivyo masharti yalijulikana. Kufagia uani ni kwa zamu. Choo ni kwa zamu. Aliye na mgonjwa chumbani, redio za wote hushushwa bila ya yeye kuomba. Anayerudi usiku wa manane huvua viatu ukumbini. Ukikaanga samaki harufu ikamfikia mwenzio, basi na kipande kimfikie. Mpangaji mpya asiyejua hayo, mama mwenye nyumba alimwita uani akamkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akamweleza mara moja. Sikupata kuona aliyehitaji kuelezwa mara ya pili.

Nyumba ile, kama nyingi za Majengo, ilikuwa ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Mwenye ardhi akauza, nyumba ikavunjwa, ikaanza kuchimbwa misingi ya ghorofa, nasi tukatawanyika kila mtu na godoro lake. Kodi ya fleti nzima ilinishinda peke yangu. Ndipo nikakubaliana na kijana mmoja mwenzetu katika kazi hizi za kuandika, mtu wa bara, tukodi pamoja vyumba viwili na sebule katika ghorofa ya 4, nusu kwa nusu.

Yeye si Muislamu, nami sikuiona hiyo kuwa shida. Nilimwambia mambo mawili tu: ulevi usiingie, na nguruwe asiingie. Alikubali, na kwa hakika ya Mungu hayo mawili aliyatimiza mpaka mwisho. Mbwa hatukumtaja. Nani angemtaja mbwa kwa watu wanaokwenda kuishi hewani?

Nisimdhulumu kijana wa watu. Mwaka ule ule niliposhikwa na homa nikawa sijijui, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni madaraja yote yale mpaka chini, akakaa nami hospitalini usiku kucha. Moyo wake ni mkunjufu. Ila ni mtu ambaye, tangu azaliwe, kila alichoangusha kuna mwingine aliyekiokota. Masufuria yake hulala katika sinki mpaka ugali ukashika ukungu. Mlango wangu huufungua kwanza, kisha ndio aniulize kama nimelala, na sisi tuliosoma Suratun Nuur tunajua agizo la kuomba ruhusa kabla ya kuingia lilivyowekwa wazi. Umeme ukikatika ni mimi niliyenunua wa kuendelea, na ukiwaka ni yeye mwenye taa zote tano.

Basi akaja na katoni. "Mzee wangu," akaniambia, "huyu ni mdogo, hutamsikia."

Nilimsikia. Kijibwa kilichotolewa kwa mamaye hulia usiku, na hakina kosa, kwani kimezowea kulala katikati ya ndugu zake. Asubuhi mwenyewe alikwenda kazini saa moja akakifungia katika roshani, na jioni alirudi saa mbili, au hakurudi. Kilikula ndara zangu. Kilikula ukili wa mkeka wa Pate niliopewa na mamangu. Kilikojoa sebuleni, jikoni, na katika ushoroba, na kila kilipokojoa mwenyewe alipitisha tambara kavu akasema, "Atajifunza." Hakusema ni nani atakayemfundisha.

Siku ya Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini nikakuta mlango wa chumba changu wazi, na msala wangu umelowa.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa, lakini vijana wengine siku hizi chuo wamekipitia mbio, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Sisi tuliosomeshwa Safina tukiwa bado hatujui kufunga vifungo, tulikaririshwa kwamba najisi ni za namna tatu. Iko hafifu, nayo ni mkojo wa mtoto mchanga wa kiume asiyetimiza miaka miwili wala hajala ila maziwa. Huo hunyunyiziwa maji yakaenea, basi. Iko ya kati, ndizo nyingi tuzijuazo. Na iko nzito, ya mbwa na nguruwe, ambayo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi haiondoki ila kwa kuoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wenzetu wa madhehebu ya Maliki wao humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, na Mahanafi wana tafsili yao. Lakini mtu habadili madhehebu kwa sababu yuko ghorofa ya 4 na amechoka kupanda ngazi.

Mara saba ni maji, na Mombasa maji ni mali. Kisiwa chetu hakina mto, tunanyweshwa kutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na wiki ile mfereji ulikuwa unakohoa upepo. Nikanunua mitungi miwili ya lita 20 kwa mtu wa mkokoteni, akadai na malipo ya kupandisha. Maji ya chumvi ya kisima yangalinitosha, maana hata maji ya bahari ni twahara, lakini kisima kilicho karibu kilikuwa kimefunikwa kwa zege.

Udongo nao ukawa mashaka mengine. Nilishuka na kopo langu. Mbele ya jumba kumetandikwa matofali ya saruji, nyuma kuna lami. Mama mmoja wa ghorofa ya 1 ana vyungu vya mirehani, nikamwomba udongo wa kopo moja; akanipa kwa roho safi, nami nikakumbuka kumwuliza kama ametia samadi. Akasema, "Sana, baba, ya ng'ombe, ndiyo maana imestawi hivi." Nikamshukuru nikaurudisha chunguni, kwa kuwa kwetu kinyesi cha ng'ombe pia ni najisi, na udongo wa kutwaharishia sharti uwe safi. Mwisho niliupata penye misingi ya jumba linalojengwa ng'ambo ya njia, mafundi wakiniangalia mzee mwenye kanzu na kofia akichota udongo kwa kijiko.

Jioni ile nilimweleza mwenzangu. Alisikitika kweli, akaomba radhi, akaniahidi. Siku ya tatu mambo yalikuwa yale yale. Sasa mimi nimezowea kwamba yasemwayo yakashindikana huandikwa. Nikamwandikia ubeti nikaubandika kwenye mlango wa friji:

Mwenzangu nakuusia, kijibwa chako kifunze,
Msala kimeutia najisi, basi kitunze,
Mlangoni ukingia, kubisha hodi uanze,
Na vyombo vyangoja pia, visikae vituponze.

Aliupenda mno. Aliwasomea rafiki zake katika simu kwa sauti kubwa, akasema ana mshairi nyumbani. Masufuria yakabaki sinkini.

Mke wangu alipopata habari kule Lamu hakucheka. Alisema, "Ukija, kanzu hizo ziache huko huko." Kwetu Lamu tumelelewa na paka na punda, na punda wetu wana hata hospitali yao tangu mwaka wa 1987, lakini mbwa ndani ya nyumba ni jambo ambalo masikio ya mwanamke wa Lamu hayakuumbiwa.

Yaliyonigeuza fikira hayakuwa ya msala. Ilikuwa mchana wa mwezi wa Februari, jua la kaskazi, niko nyumbani naandika. Kijibwa kimo roshanini tangu alfajiri. Kilikuwa kikilia, kisha kikanyamaza, nami nikashukuru kimya kile kwa muda wa ukurasa mmoja mzima. Halafu kikanitisha. Nikaenda nikachungulia. Bakuli la maji limepinduka, limekauka, na mnyama amelala ubavu juu ya saruji ya moto, ulimi nje.

Nilisimama pale na kitasa mkononi. Niliyafahamu yote niliyosomeshwa juu ya najisi, na niliyafahamu pia yale mengine tuliyosomeshwa na mwalimu yule yule, juu ya mkeka ule ule: habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Mwalimu wetu hakuziweka habari hizi katika somo moja na twahara. Labda ndiyo maana wengi wetu tuliondoka chuoni na mara saba tu, tukadhani najisi maana yake ni chuki. Najisi ni hukumu ya maji na nguo. Haikusema mnyama afe.

Nikafungua mlango, nikatia maji. Kikanywa, kikainuka, kikanilamba mkono mpaka kwenye kifundo. Nikarudi tena kwa mafundi na kopo langu.

Kesho yake nilikwenda kumwona daktari wa mifugo ninayemfahamu, nikamweleza kana kwamba mbwa ni wangu, jambo ambalo lilimfurahisha. Akanieleza mambo ambayo mwenye mbwa angaliyajua mwezi wa kwanza. Kijibwa cha miezi miwili au mitatu hakiwezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili tatu. Huenda haja kila kiamkapo, kila kilapo, na kila kimalizapo kucheza. Nyakati hizo ndizo za kukitoa nje mahali pamoja pasipobadilika, na kikifanya pale kisifiwe papo hapo na kupewa kitu. Kukipiga saa moja baadaye hakufundishi lolote, kwa kuwa hakiunganishi pigo na kosa. Mahali kilipokojoa pakibaki na harufu hurudi pale pale, na tambara kavu haliondoi harufu. Kutafuna viatu ni meno yanaota, kipewe cha kutafuna. Na kikitimia miezi mitatu kichanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka, kwani ugonjwa huo bado unaua watu katika nchi hii, na dalili zikisha kumtokea mtu hana dawa.

Nilirudi nikamkalisha mwenzangu. Sikumsomea aya, lakini nilikuwa nayo moyoni ile ya 36 katika Suratun Nisaa, inayotaja jirani wa karibu, jirani wa mbali, na sahibu aliye ubavuni. Wafasiri wametofautiana juu ya huyo wa ubavuni. Wako waliosema ni mwenzi wa safari, na wako waliosema ni mke. Mtu mnayegawana sinki naye sidhani yuko mbali na hapo. Na Suratul Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, maana yake yuko binadamu aliyekaa akamfunza.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi siwezi kuishi na mbwa ndani, dini yangu yanipa uzito. Lakini hata nisingekuwa na dini, huyu umemfungia jela. Wewe umemtaka mbwa, saa za mbwa huna."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwao walikuwa na mbwa aliyekuwa akimsindikiza mpaka shuleni, na tangu aje mjini hajapata kitu kinachomfurahia anaporudi. Hilo sikulitazamia. Mimi nikirudi Lamu nina watoto mlangoni. Yeye alirudi kwenye ghorofa ya 4 yenye mzee anayeandika na aliyefunga mlango.

Tulikwenda pamoja kwa bawabu wa jumba, mtu wa makamo aliyefuga mbwa kwao, tukamwomba akae nacho chini karibu na geti, chakula na chanjo juu ya mwenyewe. Mwenye nyumba hakupinga, maana alipata mlinzi wa pili bila ya mshahara. Bawabu alikuwa akikitoa kila baada ya saa mbili penye kichanja cha mchanga kando ya ukuta, akikisemesha kama mtu na mwanawe. Kwa wiki nne kikawa hakikojoi tena mahali pengine. Nilipokuwa nikipita kwenda sala ya alfajiri kiliinuka, kikatikisa mkia, kikabaki mbali, kwani bawabu alikifunza hata kanzu.

Mimi nilihama mwezi wa Rajabu uliofuata, kwa kupata chumba tena Majengo katika mojawapo ya nyumba zilizosalia. Mwenzangu alinisaidia kuteremsha mizigo yote. Sufuria moja ilikuwa yangu, nikaikuta sinkini chini ya zake, nikamwachia.