Moyo wa Mwanamke Nao Huugua

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu mama zetu huchambua hadi usiku. Mmoja akisema hajiwezi, twamjibu, "Ni kazi tu." Jawabu hilo laweza kumpoteza mtu.

Wengi twadhani maradhi ya moyo ni kushika kifua na kuanguka. Kweli, kifua humbana mwanamke pia. Lakini mara nyingi huwapo dalili nyingine, na pengine hizo peke yake: pumzi kukatika, kichefuchefu, jasho baridi, kizunguzungu, maumivu ya taya, shingo, mgongo au mkono, na uchovu usiokwisha kwa kupumzika. Huitwa kiungulia, siku zikapita.

Yafaa aangaliwe zaidi mwenye shinikizo la damu, mwenye sukari, na aliyepata kifafa cha mimba.

Dalili zikimshika ghafula, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali iliyo karibu. Jamaa zetu wa Tanga wanayo Bombo. Na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Karafuu zitaanikwa kesho. Mama apelekwe leo.

Katibu