Mashine hununuliwa mara moja, katheta kila mgonjwa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za dagaa wa Mwaloni, pamba na mabondo ya sangara. Wiki hii tunaangalia bidhaa isiyopimwa kwa kilo, lakini ambayo familia yoyote ya Kanda ya Ziwa inaweza siku moja kuulizwa kama iko tayari kuilipia. Ni katheta ya ultrasaundi, yaani mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa wa damu ili kuupiga picha kutokea ndani.

Suala hili si la madaktari peke yao. Familia inayouza ng'ombe au injini ya mtumbwi ili kumpeleka mzee kutibiwa moyo ina haki ya kujua inalipia nini. Aidha, mwenye mtaji anayefikiria kuingia katika sekta ya afya anapaswa kujua gharama inakaa wapi.

Kanuni ya mwangwi

Kanuni yenyewe si ngeni ziwani. Mwaka 1999 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda walianza kupima wingi wa samaki wa Ziwa Viktoria kwa mashine za mwangwi. Meli hutuma sauti chini majini. Sauti ikigonga samaki hurudi, na muda inaochukua kurudi huonyesha samaki yuko kina gani. Katika mwili wa sangara, kinachorudisha mwangwi mkubwa zaidi ni bondo, kwa sababu lina hewa ndani.

Mashine hizo zilitumia sauti ya kilohezi 120, yaani mitetemo 120,000 kwa sekunde, ambayo hufika hadi sakafu ya ziwa lenye kina kisichozidi sana mita 80. Katheta hutumia megahezi 20 hadi 60, yaani mitetemo milioni 20 hadi 60 kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo haifiki mbali, huishia milimita chache, lakini huonyesha vitu vidogo sana. Kwa mshipa wa moyo wenye upana wa milimita 2 hadi 4, milimita hizo chache zinatosha.

Ultrasaundi ya kawaida, ile inayopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito, haiwezi kufanya kazi hiyo. Mishipa ya moyo ni midogo, imejificha nyuma ya mbavu na mapafu yaliyojaa hewa, tena inatikisika kwa kila pigo la moyo. Ndiyo maana ilibidi chombo kipelekwe ndani. Kazi hiyo ilianzia Rotterdam, Uholanzi, ambako Nicolaas Bom na wenzake walieleza katheta ya aina hii mwaka 1972. Katika miaka ya 1980 Paul Yock wa Marekani alitengeneza ile iliyofaa kupita katika mishipa ya moyo.

Inavyofanya kazi

Daktari hupitisha katheta kwenye mshipa wa mkononi au wa kinena, ikifuata waya mwembamba, huku akiitazama kwa eksirei. Upana wake ni takriban milimita 1. Ziko aina mbili. Moja ina kipande kinachotoa sauti huku kikizunguka mara 1,800 kwa dakika, na hutoa picha 30 kwa sekunde. Nyingine ina vipande 64 vilivyopangwa duara, na hakuna kinachozunguka. Kisha katheta huvutwa nyuma taratibu, mara nyingi nusu milimita kwa sekunde, ili mshipa uonekane urefu wake wote.

Ile inayozunguka lazima isafishwe kwanza kwa maji ya chumvi ili kuondoa hewa. Kiputo kimoja huharibu picha, kwa sababu ile ile inayofanya bondo lionekane wazi ziwani.

Eksirei yenye dawa ya rangi huonyesha njia ya damu tu. Katheta huonyesha pia ukuta wa mshipa: mafuta yaliyoganda, chokaa iliyojijenga, na upana halisi wa mshipa. Hapo ndipo pesa ya mgonjwa inapookolewa au kupotea. Stenti, yaani kijibomba cha waya kinachotanua mshipa ulioziba, huuzwa kwa saizi kama bomba la maji: milimita 2.5, 2.75, 3.0 na kuendelea. Ikiwa ndogo haishiki ukuta, na damu inaweza kuganda juu yake. Ikiwa kubwa mno inaweza kuupasua mshipa.

Faida yake imepimwa. Katika utafiti wa ULTIMATE uliofanywa China na kutolewa mwaka 2018, wagonjwa 1,448 waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, waliopata tatizo katika mshipa uliotibiwa walikuwa asilimia 2.9 kati ya waliotumiwa katheta hii, na asilimia 5.4 kati ya waliotumiwa eksirei peke yake. Mwaka 2024 mwongozo wa chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya uliipa nafasi ya juu katika kazi ngumu, kama vile kutibu mshipa mkuu wa kushoto wa moyo.

Hesabu ya gharama

Mwaka 2015 kampuni ya Philips ilikamilisha ununuzi wa Volcano, mtengenezaji mkubwa wa katheta hizi, kwa takriban dola bilioni 1.2 za Marekani. Boston Scientific na Terumo nao wamo sokoni. Biashara yao inaeleweka kirahisi: mashine hununuliwa mara moja, lakini katheta hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Tuchukue namba za mfano, ambazo si bei ya soko. Mashine iwe sh. milioni 300 na idumu miaka 5, na katheta iwe sh. milioni 2. Hospitali inayohudumia wagonjwa 50 kwa mwaka itabeba sh. milioni 1.2 za mashine kwa kila mgonjwa. Ikihudumia 500, gharama hiyo inashuka hadi sh. 120,000. Katheta, hata hivyo, inabaki milioni 2 pale pale. Wingi wa wagonjwa hupunguza bei ya mashine. Bei ya katheta hupunguzwa na ununuzi wa pamoja na bima tu.

Hapa pana kishawishi cha kuosha katheta na kuitumia tena. Ni uchumi mbaya. Mtengenezaji ameiandikia matumizi ya mara moja, na hatari yake ni maambukizi au kukatikia ndani ya mwili.

Mwanza inasimama wapi

Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo lango la wagonjwa wa mikoa hii. Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Kwa matibabu makubwa ya mishipa ya moyo, wengi wamekuwa wakisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo wengi walipelekwa India.

Mwenye mtaji ajue kwamba mashine bila mkataba wa matengenezo, bila katheta stoo na bila wataalamu waliozoea kusoma picha zake ni mapambo. Mwenye mgonjwa naye aulize mambo matatu kabla ya kulipa: je, katheta imo katika bei au iko pembeni? Je, bima inailipia? Na je, kwa mshipa huu inahitajika, maana si kila stenti inaihitaji?

Mwisho, kupima shinikizo la damu bado ni rahisi kuliko yote haya, na kunafanyika hata katika zahanati ya kijijini.