Mboga Hazifuti Madhara ya Ulevi

Lumakanda, katika eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega, ni nchi ya mahindi. Unga wa mahindi hayo, ukichachushwa kwa kimea cha wimbi, huwa busaa; na pombe iliyochachuka ikichemshwa na mvuke wake kukusanywa, huwa chang'aa. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980. Hukumu ya Sura ya Al-Maida, aya ya 90, haikuondolewa na yeyote, wala mwili wa mwanadamu haukubadilika.

Tunayaandika haya kwa sababu wako wanaojiliwaza kwamba mnywaji akila mboga kwa wingi, au akimeza vidonge vya vitamini, ini lake litasalimika. Sivyo.

Ini ndilo hubeba mzigo mkubwa wa kuivunja pombe. Katika kazi hiyo huzaliwa asetaldehaidi, sumu inayodhuru seli na vinasaba. Kwa mnywaji wa kila mara, ini hutumia pia njia ya pili, ambayo hutoa chembe kali za oksijeni. Chembe hizo huzila kuta za seli kama kutu ilavyo mabati ya nyumba zetu za pwani. Muumba ameupa mwili walinzi. Mmoja wa wakuu wao ni glutathioni, inayotengenezwa na ini lenyewe, na husaidiwa na vitamini C na E. Ulevi humpunguza mlinzi huyo wakati uleule unapomzidisha adui.

Ni kweli kwamba mnavu na mwangani, ambazo bara huitwa managu na saga, pamoja na kunde na mapera, zina antioksidanti, yaani viini vinavyozizima chembe hizo. Tuzile, na tuwalishe watoto wetu. Lakini chakula hakishindani na sumu inayomiminwa kila jioni. Vidonge navyo si ngao: nchini Ufini, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwapa wavuta sigara beta-karotini, na saratani ya mapafu ikaongezeka badala ya kupungua. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa madhara yalizidi kwa waliokunywa pombe zaidi.

Dawa ni kuacha. Ini lililojaa mafuta kwa sababu ya pombe laweza kupona ndani ya wiki chache baada ya kuacha. Likishakuwa makovu matupu, kurudi ni kugumu.

Hata hivyo, aliyezoea kunywa sana kila siku asiachishwe ghafla akiwa amefungiwa chumbani. Anaweza kutetemeka, kuweweseka na kushikwa na degedege, hata kufa. Apelekwe hospitali, awe Lumakanda au Lamu, na aelezwe daktari ukweli bila kuficha. Aibu ya familia isitangulie uhai wa mtu.

Mwenyezi Mungu awape tauba na afya walioteleza, na atupe sisi subira ya kuwashika mkono. Amin.