Kijani cha Bwawani Hakitoki kwenye Klorini

Swali ni lile lile kila msimu wa joto: "Klorini imegeuza nywele zangu kijani, nizioshe kwa tomato sosi au kwa ndimu?" Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena apewe makala hii.

Klorini ya bwawani haina rangi yoyote ya kumwachia mtu kichwani. Kinachotia kijani ni shaba. Huingia majini mhudumu anapomwaga mrututu kuua ukoga, au pH inaposhuka chini ya 7.2, maji yakaanza kula mabomba na mitambo ya shaba. Ikishayeyuka hunasa kwenye unywele, na unywele uliokwisha kubomolewa na blichi huishika kwa nguvu zaidi. Asiyeniamini aangalie Anderslöv, mji mdogo wa kusini mwa Uswidi. Mwaka 2011 wakazi wenye nywele za kimanjano walijikuta na vichwa vya kijani bila kukanyaga bwawa. Walikuwa wakioga nyumbani kwao, na shaba ilitoka kwenye mabomba mapya ya maji ya moto.

Klorini nayo ina makosa yake, ila ni mengine. Hushambulia melanini na rangi za saluni, ndiyo maana nywele nyeusi za mwogeleaji wa kila siku, jua likisaidia, hugeuka kahawia yenye wekundu. Nywele nyeusi nazo hunasa shaba, lakini kijani hakionekani. Huonekana kwenye mvi na kwenye vichwa vilivyopaushwa.

Sasa hizo dawa. Tomato sosi ina asidi dhaifu na wekundu unaofunika kijani kwa macho. Shaba nyingi hubaki pale pale. Ndimu ni hatari kweli: maji yake yakichuruzika shingoni na jua likakupiga, ngozi huungua, hutoa malengelenge, kisha huacha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Yupo hata anayeosha nywele kwa dawa ya kutoa madoa ya nguo, eti klorini iondoe klorini. Maji ya bwawa linalotunzwa vizuri yana miligramu 1 hadi 3 za klorini kwa lita. Chupa ile ya kufulia huwa na zaidi ya 30,000. Unalalamikia miligramu tatu, halafu unajimwagia maelfu! Tafadhali, acheni.

Wengine hukimbilia saluni kupaushwa upya. Shaba iliyo ndani ya unywele huchochea peroksaidi ya blichi ifanye kazi kwa kasi isiyodhibitika. Unywele hupata joto, kisha hukatika. Msusi anayekupaka blichi bila kukuuliza kama unaogelea bwawani hajafanya kazi yake.

Vinavyosaidia ni hivi. Lowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia, maana zikishashiba hunywa kidogo ya bwawa. Paka mafuta ya nazi, vaa kofia ya kuogelea, suuza mara tu utokapo. Kijani kikishaingia, tafuta shampuu iliyotengenezwa kuondoa madini, yenye EDTA karibu na mwanzo wa orodha ya viambato. Iache dakika chache, rudia siku nyingine, malizia na kondishena. Ukitoka kuweka dawa ya kulainisha au rangi, kaa mbali na bwawa wiki moja au mbili. Hina safi hushika vizuri. Rangi za muda, hasa nyekundu, hutoka upesi na hakuna mafuta yatakayozizuia. Mwenye rangi ya bei kubwa avae kofia tu.

Na kijani kikiwatokea watu wawili watatu wa bwawa moja, mwambieni mhudumu apime pH na shaba kabla ya kuruhusu mtu mwingine kuingia.